Mlinzi Haangalii, Anahesabu

Kama Paulin angefunga mdomo wake Jumamosi ile, siri yake ingekuwa salama hadi leo. Lakini ulimi hauna mfupa, na ulimi wa mtu anayeijua kazi yake ndio mbaya kuliko zote: ukisikia wengine wanaikosea kazi hiyo, unawasha mpaka useme.

Walikuwa wanne kuzunguka meza, katika kibanda cha fotokopi cha Fils, mtaa unaoitwa Kenya, nyuma ya soko. Kila Jumamosi saa nane mchana Fils alishusha nusu ya mlango wa bati, akazima mashine, akatoa kete. Mchezo aliutunga mwenyewe, akauchapa kurasa arobaini, nusu Kifaransa nusu Kiswahili. Hauna ubao wala karata. Kiongozi anasimulia: mko mahali fulani, mbele kuna ukuta, kuna mbwa, mnafanya nini? Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni, naye anasema mtu huyo anafanya nini. Jambo likiwa na shaka, kete inaamua. Kwa uongozi huo wenzake walimwita Maître, kama wakili, na jambo hilo lilimkera Merdi, maana Merdi ndiye aliyesomea sheria na cheo hicho alikuwa anakingoja mwaka wa nne sasa.

Watu wao wa kubuni hawakuwa mashujaa wa mapanga. Walikuwa creuseurs, wachimbaji wanaoingia kwa siri katika viwanja vya makampuni kutafuta shaba na kobalti. Fils alisema mashujaa wa mapanga hajawahi kukutana nao, lakini creuseurs wamejaa avenue yake nzima, nyumba hadi nyumba.

Paulin alikuwa mlinzi, na huo si mchezo, ni maisha yake. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, sare ya bluu, kirungu na filimbi, na kampuni moja kwenye njia ya Likasi ilimweka getini siku tano kwa wiki. Wenzake walijua kwamba ni mlinzi, bila kujua wa wapi, wakalicheka: polisi anacheza mwizi! Jambo ambalo hawakulijua ni hili ninalowaambia ninyi sasa hivi, maana sipendi kumficha msomaji kitu ambacho kinamla mtu hadharani.

Sephora, yule msichana aliyeketi mkabala naye, alikuwa na kaka aitwaye Nkandu. Miezi minane nyuma, Jumapili moja ya mvua, Nkandu na wenzake sita waliingia kuchimba katika kiwanja cha kampuni hiyo. Shimo likaporomoka. Sita wakatoka, yeye akabaki. Kampuni iliandika katika ripoti kwamba hakuna mtu yeyote aliyeonekana akiingia, na mwili ukatolewa siku ya nne na wenzake waliorudi kwa siri. Mlinzi aliyesema hakuona mtu ni Paulin. Naye ndiye aliyewafungulia geti.

Hakuja kwenye meza ile kwa hila. Alikuja kufanya fotokopi ya kadi, akakuta kete, akaketi. Jumamosi ya tatu Sephora akampa mtu wake wa kubuni jina la Nkandu, kaka yake, akasema, "Njo jina ya yaya yangu, alibakia mu shimo ku njia ya Likasi." Hapo Paulin alipaswa kuinuka na kutokomea. Hakuinuka. Mara ya kwanza alijiambia kwamba akiondoka ghafla watamshuku. Mara ya pili alijiambia binti huyu hana ndugu mwingine, afadhali apate wa kumsindikiza. Mara ya tatu hakujiambia kitu, kwa sababu alikuwa ameshampenda. Mjinga! Akaanza kupeleka makaa nyumbani kwao, na mama yao, Mama Agnès, akaanza kumwita mutoto yangu na kumpakulia sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Mama huyo alikuwa na majeraha mawili. La kwanza, watu wa avenue walisema mwanawe aliruka ukuta kama mwizi, na Mungu akamlipa humo humo. La pili, hofu kwamba mwanawe aliteseka, aliliponya mwenyewe kwa neno moja aliloambiwa na wale sita: udongo ulishuka mara moja, Nkandu hakusikia kitu. Neno hilo alimrudishia kila mgeni, pamoja na kiti na maji ya kunywa. Paulin alikuwa amelisikia pengine mara ishirini, na kila mara aliendelea kula.

Sasa turudi mezani. Jumamosi hiyo ugomvi ulikuwa juu ya sheria za kujificha. Mtu wa Merdi alikuwa ameshikwa tena na walinzi, kwa wiki ya tatu mfululizo, na Merdi alikuja na karatasi ya hesabu kama anakwenda mahakamani.

"Maître, hii règle yako inaua bantu," akasema. "Kila dé, hii kete, iko na chance tatu ku ine. Ni muzuri, haina? Lakini unanirushisha mara tano: ku ukuta, ku imbwa, ku sentinelle, ku shimo, na ku kurudia. Mara tano, chance inabakia chini ya quart, chini ya robo! Hii haiko kujificha, hii iko kujipeleka ku prison na miguu yangu."

"Na tukiingia bantu saba," Sephora akaongeza, "moja anateleza, siye bote tunakamatwa. Turushe mara moja tu kwa groupe nzima."

Fils alitetea kazi ya mikono yake. Alikuwa amesimamisha mbele yake kipande cha katoni ya biskuti, na nyuma ya katoni hiyo alirusha kete za walinzi bila mtu kuona. "Mukiona dé, munayua kama banawaona, munakimbia," akasema. "Mwenye kujificha hayue kama banamuona. Njo maana miye nafichaka."

"Dictature," Merdi akanung'unika.

"Basi muulize mwenye kazi!" Fils akamgeukia Paulin kama mdogo anavyomwita kaka. "Ya Paulin, twambie. Sentinelle anaonaka muntu namna gani? Na macho? Na masikio?"

Wote watatu wakamtazama, wakisubiri. Katika maisha yake Paulin hakuwa amezoea kuulizwa kitu na watu waliosoma. Getini aliulizwa tu kama chef, mkubwa wa kazi, yupo. Akajivuta kitini, akasafisha koo, na fahari ikamwingia kichwani kama pombe ya asubuhi.

"Sentinelle haangaliake," akasema. "Anahesabu."

"Namna gani anahesabu?"

"Akiangalia, ataona sura. Akiona sura, siku chef anamuuliza atasema uongo, na uongo inaonekanaka ku macho. Sasa anageuka, anapatia mulango mugongo. Chini ya ukuta anaweka kopo. Kila mwenye kuingia anatia jiwe moja. Kila mwenye kutoka anaondoa jiwe moja. Sentinelle hajaona muntu, anaweza kuapa na Biblia. Lakini anayua bangapi beko mu ndani. Mbele ya dix-huit heures, saa kumi na mbili, mbele benzake bakuye kumupokea kazi, kopo inapashwa kuwa bule, tupu."

Fils akapiga meza kwa kiganja. Hivi ndivyo alivyokuwa anatafuta mwaka mzima! Mlinzi si swali la ndiyo au hapana, ameona au hajaona. Mlinzi ana mkataba na wale anaopaswa kuwazuia, na hatari inakua kadiri saa zinavyokwenda na mawe yakiwa bado ndani ya kopo. Kete moja kwa kundi, basi, na kopo linasema mengine yote. Alikuwa anaandika mbiombio nyuma ya karatasi ya hesabu za Merdi, na Merdi kwa mara ya kwanza hakupinga, bali aliuliza kama mlinzi anaweza kutia mwenyewe jiwe la uongo ili awatishe. Paulin akamjibu. Alijibu hili, akajibu lile, akaeleza jinsi ya kusikia jiwe linavyolia ndani ya kopo tupu na linavyolia juu ya mengine. Tangu azaliwe hakuwahi kufundisha mtu, na alifurahi.

Katika furaha hiyo hakuona kwamba Sephora alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa ameinamia mikono yake.

"Tujaribu," Sephora akasema. "Ya Paulin akuwe sentinelle. Siye tunaingia."

Fils akaleta kopo la maziwa ya unga lililokuwa na kalamu, akazimwaga. Mbegu za maharagwe zilipatikana kwa mama muuzaji wa jirani, saba tu, akazitoa bure. Sephora na Merdi wakagawana, kwa kuwa safari hiyo kila mmoja aliongoza zaidi ya mtu mmoja. Paulin akaambiwa ageuze kiti, awape mgongo. Akageuza. Mbele yake kulikuwa na mashine ya fotokopi, kimya, na kioo chake kilimwonyesha paji la uso wake mwenyewe.

Zikaanza kudondoka. Moja, mbili, tatu. Bila kutaka akahesabu. Saba.

Fils akasimulia mvua, akasimulia matope, akarusha kete ya kundi na kundi likapita salama. Kisha akarusha nyingine kwa ajili ya shimo, akatoa mluzi. "Udongo unaanguka. Sasa kila muntu arushe aone kama..."

"Usirushe," Sephora akasema. "Batoke sita. Nkandu anabakia."

"Lakini dé..."

"Maître, nakuomba. Anabakia."

Fils akaweka kete chini. Mtu wa kubuni ni wa mwenyewe, na mwenyewe akitaka kumwacha, kiongozi hana la kusema. Maharagwe yakatolewa koponi moja baada ya jingine. Paulin akahesabu sita. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka mgongoni, na alijua kwamba wanauona mgongo huo.

"Dix-sept heures quarante," Fils akasimulia kwa ile sauti yake ya kuogofya, yaani dakika ishirini kabla ya zamu kwisha. "Benzako beko mu njia banakuya kukupokea. Mu kopo muko haragi moja. Sentinelle, unafanya nini?"

Uzuri wa mchezo ule, Fils alipenda kusema, ni kwamba unaweza kujibu lolote. Paulin angeweza kupiga filimbi. Angeweza kukimbilia shimoni, kuita wachimbaji, kuita kampuni, kuita mapadri. Majibu yote yalikuwa pale, mepesi, bure, na hakuna ambaye angempotezea kazi kwa sababu ya haragwe. Alifungua kinywa aseme mojawapo. Na kinywa, ambacho mchana huo kilikuwa kimezoea kusema kweli juu ya kazi, kikasema kweli.

"Naitupa," akasema.

"Unatupa nini?"

"Jiwe. Naitupa ng'ambo ya ukuta. Kopo inabakia bule."

Merdi akacheka, "Aa, ya Paulin, we muntu mubaya!" Lakini alicheka peke yake, na kicheko kikakatika.

Paulin akageuka na kiti chake. Sephora alikuwa anamtazama.

"Mbele Kunda aende Pweto," Sephora akasema polepole, "alikuya kunisalimia. Kunda alikuwa mu bale sita. Alinielezea kopo. Alisema basentinelle ba fasi ingine banachukua franga yabo na banafungua, basi. Ule moja tu njo alikuwa na kopo, na hawakuonaka sura yake, waliona mugongo. Tangu ile siku natafuta mugongo."

Paulin angeweza kukana. Alianza hata kukana: "Basentinelle bote banafanyaka..." Lakini alimwona Fils, kalamu ikiwa imesimama hewani, na akajua kwamba si kweli, kwamba kopo lilikuwa wazo lake mwenyewe, na kwamba dakika kumi zilizopita alikuwa analijivunia. Siku za mwizi ni arobaini, na yeye ameipeleka ya arobaini kwa mikono yake, akaieleza vizuri, akaiwekea na sheria.

"Njo miye," akasema.

Nje pikipiki zilipita, na mahubiri ya kanisa la jirani yalikuwa yanapigwa kwenye spika.

"Alikufa mara moja?" Sephora akauliza.

Paulin akatoa koponi haragwe lililobaki.

"Ya Paulin. Nimekuuliza."

"Hapana."

Kisha akaeleza, na aliyaeleza yote, kwa sababu jambo likikaa miezi minane tumboni halitoki nusu. Wale sita walitoka mbio, wakachukua mawe yao, wakatawanyika wakilia kwamba Nkandu amekwisha. Yeye akaenda hadi kwenye mdomo wa shimo. Akasikia kugonga. Chuma juu ya jiwe, mara tatu, kimya, mara tatu. Akasimama pale kwenye mvua. Akajua kwamba akipiga filimbi watauliza nani alifungua, na kwamba nyumbani ana watoto wawili wa marehemu dada yake. Akajiambia wenzake watarudi na majembe. Wenzake hawakurudi siku hiyo, kwa kuwa waliamini amekwisha. Akarudi getini, akatupa jiwe.

"Aligonga mpaka saa ngapi?"

"Ilianza quinze heures, saa tisa." Akaliweka haragwe mezani. "Benzangu bakikuya kunipokea, alikuwa angali anagonga."

Sephora hakulia wala hakumpiga. Paulin alikuwa amejiandaa kwa hayo mawili, na kukosa yote mawili kulimtisha kuliko mengine.

Merdi ndiye aliyeinuka. "Hii iko na jina mu Code pénal. Non-assistance, kuacha kusaidia muntu. Tunaenda ku parquet kushitaki sasa hivi, miye mwenyewe nitaandika plainte."

"Kesho, Merdi," Sephora akasema. "Kesho utaandika, na yeye atatia signature. Leo anaenda kwa Mama." Akamgeukia Paulin. "Banasema ku avenue kama yaya yangu aliruka ukuta. Utamuambia Mama kama ulimufungulia. Utasema alipita ku mulango, sawa na muntu."

Walitembea. Kutoka kwa Fils hadi kwao ni dakika kumi na tano, kupitia soko, karakana za wachomeleaji na foleni ya pikipiki za kukodi. Sephora alitangulia bila kugeuka nyuma. Dereva mmoja akamwita Paulin, "Chef, tunaenda?" na pikipiki ilikuwa inanguruma tayari, na kwa pikipiki Kasumbalesa na mpaka wake si mbali kwa mtu anayekimbia. Paulin alimtazama dereva yule, akatazama mgongo wa Sephora ukizidi kwenda, akaufuata.

Mama Agnès alikuwa uani, anachambua majani ya sombe kwenye beseni. Alipomwona Paulin uso ukamfunguka. "Mutoto yangu! Karibu. Sephora, muletee kiti."

"Mama, weye bakia pale. Asiikale. Eko na neno."

Paulin alipiga magoti kwenye vumbi. "Mama," akasema, "ile dimanche, jumapili ya mvua, miye njo nilikuwa ku mulango. Nilibafungulia bote saba. Nkandu hakuruka ukuta. Alipita ku mulango, na miye nilisema ku ba chef sijaona muntu. Nilisema uongo, Mama."

Mama Agnès alikuwa na jani mkononi. Kuku wa jirani akaja hadi kwenye beseni, akadonoa, hakuna aliyemfukuza.

"Alipita ku mulango," mama akasema hatimaye.

"Ndiyo, Mama."

"Si mwizi."

"Hapana, Mama."

Mama akajifuta uso kwa ncha ya kitenge chake, upande huu, kisha upande ule. Alipomtazama Paulin tena, hakumwita mutoto yangu. "Ulikulaka sombe yangu," akasema. "Ulikulaka hapa, na ulikuwa unayua." Paulin akainamisha kichwa. Mama alikuwa na neno jingine, lile lake la siku zote, na safari hii alikuwa amempata mtu aliyekuwepo.

"Basi niambie weye. Ulikuwa pale. Alikufa mara moja, haina? Hakusikia kintu?"

Paulin akainua macho. Miezi minane alikuwa amejua kwamba swali hili litamfikia. Alikuwa ameapa pale njiani, akiufuata mgongo wa Sephora, kwamba leo hatasema tena uongo mbele ya mtu yeyote. Akavuta pumzi ya kusema.

"Mara moja, Mama," Sephora akasema.

Alisema upesi, kwa sauti iliyotulia, macho yake kwenye macho ya mama yake, bila kupepesa. Paulin aliutazama uso ule akaujua. Aliuvaa yeye kila asubuhi alipokwenda kazini na kila Jumamosi alipoketi mezani, na alijua uzito wake, na alijua kwamba binti huyu atalala nao na kuamka nao, na kwamba kila usiku wa mvua atasikia chuma juu ya jiwe. Alitaka kumnyang'anya uzito huo. Hakukuwa tena na namna ya kumnyang'anya.

"Mara moja kabisa?" mama akauliza.

"Kabisa. Ya Paulin alinieleza. Hakusikia kintu."

Mama Agnès akafumba macho, akainua mikono yake yenye utomvu wa majani, akamshukuru Mungu kwa sauti hadi majirani wakasikia, akamshukuru kwa kuwa alimchukua mwanawe bila kumtesa. Alimaliza, akangoja.

"Amina," Sephora akaitika.

Mama aliendelea kungoja, akimtazama Paulin. Naye akaitika.